Lijamu ya Tarishi

Jumatatu, 1 Desemba

Likizo. Mtihani wa kidato cha pili umekwisha. Nilikusudia kupumzika, lakini Tarishi yuko hatarini.

Tarishi ni farasi wa Ami Azzam. Kazi yake ni kuwabeba mabwana harusi hapa Kanyenye. Barabarani ni mpole kabisa. Tatizo ni mtaro. Akishauruka anashika kasi, anavuta, hasikii hatamu mpaka afike kwenye meza ya asali ya Mama Apolinaria. Harusi iliyopita alifika na bwana harusi mgongoni. Kilemba kikaingia kwenye ndoo.

Ami amesema Jumamosi kuna harusi nyingine. Tarishi akirudia, anakwenda Urambo kwa mkulima wa tumbaku, kuvuta mkokoteni. Binamu yangu Musab anaomba arudie. Farasi akiuzwa itanunuliwa bajaji, na dereva ni yeye.

Nimemwomba Ami aniachie wiki hii. Nimemweleza kwamba kosa ni la lijamu, kile chuma cha mdomoni, si la farasi. Musab akasema kumbe siku hizi kidato cha pili wanatoa madaktari wa mifugo.

Jumanne, 2 Desemba

Mwalimu wa Biolojia alitufundisha kwamba katika jaribio unabadilisha kitu kimoja tu, vingine unaviacha vilevile. Basi nabadilisha lijamu. Mengine hayaguswi: farasi yuleyule, mtaro uleule, na kile kipande cha sega ninachompa kila asubuhi kwenye meza ya Mama Apolinaria, kumpongeza kwa kuruka.

Lijamu ya kwanza: chuma kizito kilichosokotwa, kutoka sandukuni kwa Bibi Ruaa. Bibi anasema kilikuja na msafara kutoka Bagamoyo, na nikirudishe bila mkwaruzo. Tarishi alikionja, akainua kichwa juu, akauruka mtaro kama anayekimbia moto. Mimi sikuruka naye. Wauza mkaa walinitoa nikiwa na tope hadi masikioni. Niliwaamkia shikamoo hivyohivyo.

Tarishi nilimkuta mezani, ananisubiri. Nikamvua kile chuma, nikamwomba radhi, nikampa sega lake.

Alhamisi, 4 Desemba

Lijamu ya pili. Fundi Zablon wa baiskeli amenizungushia chuma chembamba kwa tyubu kuukuu. Aliuliza farasi huyu ana breki za mbele au za nyuma. Nikasema ndizo tunazotafuta.

Tarishi aliipenda mno. Aliiegemea kwa taya, akaitafuna, na tulifika kwa asali kabla sijamaliza kusema Bismillahi. Mama Apolinaria akasema hajawahi kupata mteja mwaminifu hivi, ila apunguze mwendo, hata nyuki wanamwogopa. Sega likatolewa kama kawaida.

Musab amenionyesha picha ya bajaji kwenye simu. Ya bluu. Nilisema ni nzuri, kisha nikaenda bandani. Tarishi akanilazia kichwa begani. Mkokoteni wa tumbaku! Sitaki hata kuufikiria.

Ijumaa, 5 Desemba

Lijamu ya tatu, ya mwisho. Laini, ina kiungo katikati. Fundi Zablon ameipiga msasa mpaka inang'aa. Mvua imenyesha kutwa, sikuijaribu. Nimeswali.

Jumamosi, 6 Desemba

Alhamdulillah.

Bwana harusi alikuwa Humaidi wa duka la vitambaa, ameshika shingo ya farasi kwa mikono yote miwili. Tukafika mtaroni, lijamu ya tatu mdomoni mwa Tarishi. Tarishi akaruka. Akaanza kuvuta. Akatazama meza ya Mama Apolinaria. Ilikuwa imefungwa, mwenyewe amekwenda Tabora vijijini kwenye kipaimara cha mpwa wake. Tarishi akasimama, akashusha pumzi, akatembea hadi kwa bibi harusi kama mzee anayetoka msikitini. Kilemba hakikutikisika.

Ami alifuta macho akisema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua yote ile? Kisha akampigia yule mkulima wa Urambo, akamwambia atafute ng'ombe.

Baadaye aliniita. Akasema kwa upole kwamba farasi alikuwa anakimbilia asali, na aliyemzoesha ni mimi. Nisimpe tena pale. Musab akasema yeye aliliona hilo tangu mwezi wa kumi, lakini hakuna aliyemuuliza.

Nimewasikiliza kwa adabu. Hawajasoma mambo ya majaribio. Kilichobadilishwa na mimi ni lijamu, basi kilichofanya kazi ni lijamu.

Jumapili, 7 Desemba

Mama Apolinaria amerudi. Nilimpeleka Tarishi kwake, nimpongeze farasi wangu kwa kazi ya jana. Sega zima, si kipande. Kwenye meza ileile, ng'ambo ya mtaro.

Alasiri tukapita tena. Alivuta sana.

Nadhani lijamu ya tatu imeshachakaa. Kesho nitamwona Fundi Zablon.