Waipa Siku Isiyo na Mvua

Mzee aliyepewa jina la Gazeti alilikung'uta gazeti la dukani, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pampu za nje.

"'Magari yote mapya kuwekewa jicho la kumchunga dereva. Ukitazama pembeni, linapiga kelele.' Mmesikia, jamani? Jicho! Ndani ya gari lako mwenyewe!"

"Lipo," alisema Malachy McGoldrick, uso ukiwa ndani ya kikombe cha chai. "Ninalo. Nikipiga chafya linaniuliza kama nimelala."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, kwenye ile meza ya dirishani katika duka la kituo cha mafuta cha Kilbarna, kaunti ya Leitrim. Meza ni ya wanne, na wanne hao wanajulikana. Gazeti ni Fergus, aliyesambaza barua miaka thelathini na sasa husoma gazeti la dukani bila kulinunua, kisha hulikunja na kulirudisha kwenye rafu likiwa bikira. Spana ni Tiernan, fundi mstaafu, mkono mmoja daima umeshika mkate uliojazwa soseji na yai. Vioo ni Dympna, anayefundisha udereva mpaka leo, na ambaye hata kanisani, mtu akitaka kuhama benchi, humwambia, "Vioo kwanza." Malachy mwenyewe, mfuga ng'ombe wa miaka sitini na sita, huitwa Diseli, kwa sababu ya gari alilolikokota miaka ishirini na miwili likitoa moshi kama tanuri la matofali. Jina limebaki, gari limekwenda. Binti yake Sorcha alikuja kutoka Dublin akamnunulisha la umeme.

"Diseli na gari la umeme!" Spana alisema, makombo yakimruka. "Hivi wewe unakuja kituo cha mafuta kufanya nini? Kunusa?"

"Nakunywa chai."

"Gari linakunywa nyumbani, yeye anakuja kunywa huku. Familia imegawana majukumu."

"Mwacheni kwanza," alisema Vioo. "Malachy, mimi nina neno na wewe. Wiki tatu hunisalimii barabarani. Juzi pale darajani nimenyanyua kidole, na mwanafunzi wangu naye kanyanyua, na mwanafunzi mwenyewe alikuwa anatetemeka, hajui hata breki iko wapi. Wewe umepita umekodoa kama sanamu ya mtakatifu!"

Hilo halikuwa dogo. Kwenye barabara zile nyembamba, mtu akikutana na mtu hunyanyua kidole kimoja, kile cha shahada, kiganja kikiwa bado kimeshika usukani. Haihitajiki zaidi. Asiyekinyanyua ni mtalii, au ana ugomvi na wewe.

"Watu wanasema umekuwa bwana mkubwa," Gazeti aliongeza kwa furaha. "Wanasema umeme umekupanda kichwani."

"Si mimi, ni gari!" Malachy aligonga meza. "Nikinyanyua kidole tu, tiii! tiii! tiii! Taa nyekundu hizo! Linaniandikia nitazame barabara. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaacha kabisa. Na Jumatatu..."

Akakimbilia kikombe cha chai. Alikuwa amejiapiza asiseme.

"Jumatatu nini?"

"Jumatatu nilikutana na Phelim."

Spana aliweka mkate wake mezani, jambo ambalo huwa halifanyi mpaka uishe.

Phelim ni kaka yake Malachy. Mashamba yao yanapakana, katikati pana geti, na miaka tisa iliyopita mtu mmoja aliacha geti hilo wazi. Dume la Phelim likaingia kwa mitamba ya Malachy likakaa siku mbili kama mgeni rasmi. Nani aliacha geti? Kila ndugu anamjua, na si yeye. Tangu siku hiyo hawajasemezana, na kidole hakijanyanyuka.

"Alinyanyua," Malachy alisema polepole.

"Alinyanyua nini?"

"Kidole."

"Phelim?" Vioo alishika kifua. "Phelim wa geti?"

"Huyo huyo. Nilimwona kabisa. Kidole kizima."

"Acha kamba!" alisema Gazeti.

"Haki ya nani. Nikasema moyoni, nikinyanyua changu gari litalia, nitashtuka, nitaingia mtaroni, na yeye ataona. Basi nimpigie taa. Nikavuta kijiti cha kulia."

Vioo alifumba macho. "Cha kulia."

"Kwenye lile la zamani taa zilikuwa kulia!"

"Na kwenye hili, kulia kuna nini, Malachy?"

"Waipa," alijibu kwa sauti ndogo. "Waipa na maji yake."

Spana aliuliza kwa upole, kama daktari anayeulizia choo. "Dirisha lake lilikuwa wazi?"

"Phelim umeona lini akafunga dirisha? Wazi, kiwiko nje. Tulikuwa tunapishana, vioo vya pembeni vinakaribia kubusiana. Maji yakapanda kwenye kioo, waipa zikayafagia yote zikayatupa kulia. Na kulia ndiko alikokuwa yeye. Yakamwingia usoni. Yana sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Ya tufaha."

Gazeti alijaribu kujizuia. Alishindwa, akajificha nyuma ya ukurasa wa michezo, ukurasa ukawa unatetemeka.

"Miaka tisa!" alisema akiwa huko huko nyuma. "Mtu anajikusanya miaka tisa, anapata nguvu ya kunyanyua kidole kimoja, na wewe unamwogesha!"

"Kwa sabuni ya tufaha," Spana alimalizia. "Bora ungemkanyaga."

"Nyinyi hamna haya," alisema Vioo. "Si umpigie simu, Malachy? Mweleze."

"Simu? Miaka tisa, halafu unaanza na simu? Akiona namba yangu atauliza nani kafa." Malachy alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. "Leo ni mnada. Kila Alhamisi saa tano anapita hapa na trela lake. Akipita leo nisimsalimie, basi tena. Phelim hanyanyui mara mbili. Wewe Dympna, umefundisha nusu ya kaunti. Nifundishe hilo gari."

Aliposema "nifundishe," hakuna aliyecheka. Mtu aliyeendesha trekta tangu ana miaka kumi hasemi neno hilo hivi hivi.

Vioo alimaliza chai yake kwa funda moja. "Simameni."

Gari lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama barabara. Vioo alikaa kiti cha abiria mbele, Gazeti na Spana wakajipakia nyuma bila kualikwa.

"Kiti kwanza," alisema Vioo. "Mbona umelala hivyo, uko kinyozi? Nyanyua. Haya. Sasa vioo."

"Dympna, dakika kumi na mbili!"

"Vioo. Cha ndani, cha kulia, cha kushoto. Vizuri. Mkanda."

"Limesimama!"

"Mkanda, Malachy."

Akafunga. Akaliwasha, na papo hapo gari likaanza kulia, ting, ting, ting, na picha ya vijitu viwili vyekundu ikatokea kwenye dashibodi.

"Hao ni nyinyi huko nyuma," alisema Vioo bila kugeuka. "Fungeni."

"Mimi nimeleta barua miaka thelathini bila mkanda," Gazeti alianza.

Ting, ting, ting.

"Fergus!"

Akafunga. Spana naye akafunga, akiuzungusha mkanda juu ya mkate. Kimya kikarudi.

"Sasa nionyeshe. Jifanye uko barabarani, mtu anakuja. Msalimie."

Malachy alishika usukani. Alinyanyua kidole. Kidole kilikuwa kizuri, kifupi, cha heshima. Lakini kichwa nacho kiligeuka kulia, kikaendelea kugeuka, kikafuata gari lisilokuwepo mpaka kidevu kikalala begani.

"Unatazama nini?" aliuliza Vioo.

"Nani anaendesha."

"Halafu?"

"Kakaa na nani."

"Halafu?"

"Kabeba nini nyuma."

Vioo alivuta pumzi ndefu. "Malachy McGoldrick, kidole chako hakina kosa. Hakijawahi kuwa na kosa. Lile jicho linakutazama wewe macho yako yanakokwenda. Linakushtaki kwa umbea."

Spana alicheka mpaka gari likanesa. "Duh! Wiki tatu anakifunga kidole jela, mhalifu yuko shingoni!"

"Sasa habari ningezijuaje?" Malachy aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

"Unaulizia hapa mezani, kama watu wengine. Macho mbele, kidole juu, basi. Haya, vijiti. Cha kushoto: indiketa na taa. Cha kulia: waipa. Rudia."

"Kushoto, taa. Kulia..." Alimeza mate. "Kulia, kuogesha."

"Itatosha. Hii pembetatu nyekundu, taa zote nne zinawaka. Ni ya kukwama, si ya kusimama dukani ukanunue maziwa, Fergus, nakuona kila siku. Breki ya mkono ndiyo hiki kitufe, unavuta juu. Hii ni ya kupasha kiti moto."

"Kumbe!" alisema Malachy. "Nilidhani naumwa."

"Na hii ya juu kwenye dari," Gazeti aliuliza akinyoosha shingo, "yenye kifuniko, ni taa ya kusomea?"

"Hiyo usi..."

Malachy alikuwa ameshafungua kifuniko na kubonyeza.

Gari lilikoroma kidogo. Halafu sauti ya mwanamke ikashuka kutoka darini, tulivu kabisa.

"Huduma ya dharura. Kuna mtu ameumia?"

Spana aliinamisha kichwa kama yuko kwenye misa. Malachy alivua kofia.

"Hapana, mama."

"Mmepata ajali?"

"Bado."

"Bwana, dharura yenu ni nini?"

Malachy alitazama dari, akatazama barabara tupu, akatazama saa kwenye dashibodi. Hakuna aliyewahi kumuuliza waziwazi hivyo.

"Nataka kumsalimia kaka yangu," alisema.

"Mwambie ni yule wa geti," Gazeti alinong'ona.

"Samahani sana, dada yangu!" Vioo alidakia. "Kimebonyezwa kwa bahati mbaya, hakuna aliyeumia, tuko kituo cha mafuta, tuko salama."

"Sawa. Nakata laini." Halafu sauti ikasita. "Na wewe bwana... msalimie tu."

Likakatika.

"Serikali imeshatoa kauli," alisema Spana. Hakuna aliyepata muda wa kumjibu, kwa kuwa kwenye kona ya kanisa kulitokea gari la bluu aina ya jipu, lililochakaa, likivuta trela la ng'ombe.

"Ndiye," alisema Malachy. Jasho lilimtoka, na kiti kilichokuwa kinapashwa moto hakikusaidia.

"Macho mbele," Vioo alisema. "Kidole tu. Usiguse kijiti chochote. Mikono yako mbali na maji!"

Jipu lilikaribia. Malachy alinyanyua kidole. Alikinyanyua mpaka kikasimama kama mlingoti, na kwa usalama akakiacha hapo hapo.

Phelim alipunguza mwendo. Wakaona dirisha lake likipanda, kwa mkono, kwa shida, likikwama katikati na kupanda tena mpaka likafunga. Kisha maji yakaruka kwenye kioo chake cha mbele, na waipa mbili kuukuu zikaanza kufagia, kwaruu, kwaruu. Angani hapakuwa na wingu hata moja, na Leitrim, kaunti ya mvua, hilo peke yake ni tukio.

"Amekutukana!" alisema Gazeti. "Amerudisha tusi na chenji yake!"

"Tusi gani mtu anafunga dirisha kwanza?" Spana alibisha.

"Kafunga asirudishiwe!"

"Hebu nyamazeni!" Vioo alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Indiketa! Jamani, tazameni, Phelim McGoldrick ametumia indiketa!"

Jipu lilikata kona likaingia kituoni, trela likilalamika, likasimama ubavuni mwao. Dirisha la Phelim likashuka kwa safari ile ile ya shida. Alikuwa na miaka sabini na moja na uso wa mtu anayesubiri bei ipande.

"Gari jipya," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Linaosha vizuri."

"Si baya."

Phelim alitazama kiti cha nyuma, ambako wazee wawili walikaa wamefungwa mikanda, mmoja na gazeti, mmoja na mkate.

"Unawapeleka shule?"

"Hapana. Wananifundisha mimi."

"Kufanya nini?"

Malachy alitafuta jibu la heshima, akalikosa. "Kunyanyua kidole."

Phelim aliitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba hilo ni jambo la kawaida. "Mimi nilidhani sasa ndivyo magari ya umeme yanavyosalimia," alisema. "Nikasema isije ikaonekana mkubwa hajibu. Nimefanya hivyo kwa kila mtu tangu Jumatatu. Barabara yote ya kanisani wananijibu. Hata padre, jana, waipa kwa kasi ya mvua kubwa."

Gazeti alifungua mdomo. Vioo alimtazama kwenye kioo cha ndani, naye akaufunga.

"Ile sabuni ilikuwa ya tufaha," Phelim aliongeza.

"Sorcha ndiye aliyeinunua."

"Inanukia vizuri." Alitia gia. "Lile geti bawaba imekatika. Ya upande wako."

Spana aliacha kutafuna. Malachy alijua bawaba ya upande wake ni nzima, alijua ni ya upande wa nani iliyokatika, na alijua kwa tarehe.

"Nitakuja Jumamosi na nyundo," alisema.

"Nitachemsha maji ya chai, mdogo wangu."

Jipu likaondoka kuelekea mnadani. Kijiwe kikavunjika. Vioo alimkimbilia mwanafunzi wake wa saa tano na nusu, Spana alirudi kununua mkate wa pili, na Gazeti akaenda kulirudisha gazeti rafuni, ingawa sasa habari aliyokuwa nayo mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa ndani yake.

Malachy alirekebisha vioo vyote vitatu. Alitoa breki, akawasha indiketa kwa kijiti cha kushoto, akaingia barabarani nyuma ya kaka yake. Mwisho wa kijiji njia zilipogawanyika, jipu lilishika ya kulia na yeye akanyoosha. Aliweka macho mbele alivyofundishwa. Yakakaa mbele muda wa kutosha. Kisha shingo ikaenda yenyewe, polepole, kidevu kikafika begani, ili aone Phelim kabeba nini kwenye trela.

Tiii! Tiii! Tiii!

"Nyamaza wewe," Malachy aliliambia gari. "Huyo ni kaka yangu."