Sefti ya Shafiq

Bastola ya Hakizimana ilikuwa ikifyatuka yenyewe. Mara ya kwanza ilitoboa redio. Mara ya pili ilivunja chupa tatu ndani ya kreti la bia. Mara ya tatu risasi ilipita katikati ya miguu ya baba mkwe wake, mzee aliyekuja kwa amani kudai ng'ombe wa mahari, akaondoka bila kudai kitu. Sefti, kile kidude kinachozuia risasi isitoke mpaka mwenyewe atake, ilikuwa imelika kwa uzee.

Ilikuwa mwishoni mwa 1991 na kila tajiri wa Kigali alitaka bastola. Vyama vya siasa vilikuwa vikirushiana mawe barabarani, maguruneti yalianza kusikika, na askari wenye njaa waliuza walichokuwa nacho. Hakizimana, mwenye depo ya bia Nyabugogo, alinunua yake kwa siri na bila kibali. Kwa hiyo hakuwa na pa kulalamika.

Siku ile ya baba mkwe, Shafiq alikuwepo hapo depo, amepiga magoti mbele ya cherehani ya Nyirarukundo, mke wa Hakizimana. Shafiq alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani kutoka mtaa wa Biryogo, mwenye koti safi na ulimi uliotiwa mafuta kuliko mashine yoyote aliyowahi kuigusa. Risasi ilipolia watu wote walilala chini. Shafiq naye alilala, lakini akiwa huko chini alishaanza kupiga hesabu. Alimtaka Swafiya, binti wa mshonaji wa mtaani kwake, na baba yake Swafiya alikuwa ametaja mahari ambayo kwa kazi ya cherehani ingelipwa Kiyama. Mwisho wa kuileta ulikuwa Idi.

"Patroni," alisema akijikung'uta vumbi, "bastola yako haina ubaya. Iko inahitaji sefti nyingine tu."

"Nyingine ya wapi?"

"Wabelgiji wanayo. Sefti mbadala. Ile ya kiwandani inachoka, hii haichoki. Imelazwa mvuani miaka ishirini, imefukiwa mchangani, imekanyagwa na lori."

"Lori la nini?"

"La mawe," Shafiq alisema bila kupepesa.

Nyirarukundo alicheka puani. "Fundi, cherehani yangu umeitengeneza mara nne tangu Pasaka. Hicho kidude chako kitadumu vipi?"

"Mama, cherehani inafanya kazi kutwa. Sefti kazi yake ni kukaa."

Hakizimana alikuwa ameshaanza kumfungia bastola kwenye gazeti.

Baada ya wiki moja Shafiq alirudisha bastola. Ubavuni ilikuwa na kidude kinachong'aa, kilichotolewa kwenye cherehani iliyokufa. Ukikisukuma kililia tik, sauti ya kupendeza. Ndani, kusikoonekana, Shafiq alikuwa amemimina lehemu ya moto mpaka vyuma vyote vikashikana kama maharusi. Ile haikuwa tena bastola. Lakini tuwe waadilifu: ilikuwa sefti imara kuliko zote kati ya Kigali na Brussels.

Hakizimana aliipima mkononi. "Sikiliza, fundi. Kwetu anayekuletea pombe huinywa yeye kwanza mbele yako, ujue haina sumu. Haya, onja."

Shafiq hakusita. Alisukuma kidude, tik, akauelekeza mdomo wa bastola kwenye koti lake safi. "Vuta, patroni."

Hakizimana alivuta. Kimya.

"Vuta kama mwanaume."

Alivuta mpaka jasho likamtoka. Kimya.

"Tamu," Shafiq alisema, akafunga vifungo vya koti.

Habari ilienea haraka kuliko bei ya sukari. Bizimana, mkubwa wa wizara moja kule Kacyiru, alileta bastola mbili. Wenye maduka wa Kabeza walipanga foleni. Kila mahali Shafiq alionja kwanza, na kila mahali walilipa. Hakuna aliyewahi kufungua sefti na kupiga, kwa sababu risasi zilikuwa ghali na majirani walikuwa na masikio. Shafiq alinunua pikipiki. Baba yake Swafiya akaanza kumwita mwanangu.

Kisha wezi waliingia depo ya Hakizimana adhuhuri, mlinzi akiwa kwenye chakula. Hakizimana alitoka na bastola, akafungua sefti, tik, akavuta. Akavuta tena. Mwizi mmoja alisimama akamtazama kwa huruma, kisha akaongeza kreti jingine kwenye mkokoteni.

Askari mmoja mstaafu aliifumua bastola ile, akaona lehemu, akacheka mpaka akaomba maji. Polisi hapakwendeka, kibali hakikuwepo. Hakizimana hakupiga kelele. Alikuwa mfanyabiashara.

Siku tatu kabla ya Idi alimwita Shafiq depo. Wateja wa zamani walikuwepo, na wapya wenye pesa mkononi. Shafiq alifika na mkoba begani, ndani yake mahari yote, kwani kutoka hapo angepitia kwa mkwe.

"Fundi," Hakizimana alisema kwa sauti, "miezi minne imepita, na chuma huchoka. Hawa wageni wanauliza kama sefti yako inadumu. Onja tena, waone."

Shafiq alifungua koti huku akitabasamu. Hakizimana alimsogelea, tik, akauweka mdomo wa bastola kifuani pake. Halafu akainama kama anayemnyoosha kola, akamnong'oneza: "Nimepata askari mstaafu. Ameitoa lehemu yote. Kidude chako nimekiacha kwa urembo."

Tabasamu la Shafiq lilibaki mahali pake, ila mwenyewe hakuwemo tena.

"Nivute, fundi?"

"Patroni, huu ni mwezi mtukufu. Niko na saumu. Siwezi kuonja kitu."

"Risasi haina maji ndani," Nyirarukundo alisema kutoka kwenye cherehani yake. "Onja."

Shafiq alirudi nyuma hatua moja. Ilitosha. Pale ndani hakukuwa na mtu asiyejua maana ya mwenye pombe kukataa kuinywa.

"Kumbe inachoka," Bizimana alisema polepole, akaanza kukunja mikono ya shati.

Mkoba ulifika chini kabla ya mwenyewe. Mkono wa kwanza ndani yake ulikuwa wa Hakizimana.

Kumbe lehemu ilikuwa bado imo ndani ya bastola. Askari mstaafu alisema hakuna fundi wa kuitoa, na Hakizimana hakutafuta. Wateja, kwa hofu kwamba sefti zao zimezeeka, walizifungia bastola kwenye masanduku wala hawakuzigusa tena, na hivyo hawakujua kamwe kwamba hazipigi.

Shafiq alipoteza mkoba na mahari iliyokuwemo, pikipiki aliyopanda Hakizimana jioni ileile, koti lililochanika mgongoni, meno mawili ya mbele, na kila cherehani ya Nyabugogo. Swafiya aliolewa Idi Pili na muuza ndoo wa Kabeza.

Hakizimana alipoteza kreti arobaini.