Diski Imejaa Mbele ya Mama Aika

Leo nimeaibika, na kazi nimepata. Nasimulia mwenyewe kwa sababu Lemayani alikuwepo, na najua kabla giza halijaingia atakuwa ameshaleta toleo lake humu kwenye grupu, na toleo lake halitakuwa na huruma.

Kwa aliyeingia grupu juzi: mimi ni yule dada wa Rhotia anayepiga watalii video na kuwatengenezea filamu fupi ya kumbukumbu. Waliobaki mnanifahamu, na ubishi wetu mnaukumbuka. Fundi Eliya, wa kompyuta pale karibu na soko la Karatu, aliandika hapa kwamba laptop yangu ni ya kuandikia barua za posa. RAM GB 8, diski GB 256, na vyote vimechomelewa humo ndani, hakuna cha kutoa wala cha kuongeza. "Paskalina, ikijaa imejaa," akasema. Nikamjibu kwa maandishi marefu (nakiri, marefu mno) kwamba mtu anayejipanga hahitaji zaidi ya hapo. Wanaolilia nafasi ni wale wasiojua kufuta. Maneno hayo bado yapo humu, msisumbuke kuyatafuta.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya majaribio kwa Mama Aika, mwenye loji kule juu ya mji. Anataka mtu mmoja wa kutengenezea wageni wake video msimu mzima. Nikifaulu, nimetulia. Nikishindwa, narudi kwenye video za kipaimara na send-off, ambako kila shangazi anataka aonekane peke yake na kwa muda mrefu.

Asubuhi tukashuka kreta kutazama wanyama na familia ya Waholanzi. Baba, mama, binti yao na bibi. Lemayani ndiye dereva na mwongozaji. Yule bibi alikuwa na shida moja tu, kumwona faru. Tukazunguka. Nyati wapo, pundamilia wa kumwaga, tembo mmoja mzee anatembea kama anaenda kudai haki yake, faru hakuna. Mama mtu akaanza kumfariji bibi kwa biskuti. Tunakaribia kupanda, Lemayani akasimamisha gari, akanyoosha kidole. Faru, na mtoto wake pembeni. Bibi akalia. Hakutoa sauti, machozi yalishuka tu huku amemshika Lemayani bega. Yote hayo nikayapata kwenye kamera. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nina njaa.

Tukiwa tunapanda nikahamishia video kwenye laptop na kuanza kuzikata palepale, gari linaruka, mimi naruka, laptop imebanwa kwa magoti. Ikawa inafikiri sana. Unabonyeza kitu, inanyamaza, halafu baadaye inafanya yote uliyobonyeza kwa mpigo. (Eliya, usicheke, bado.) Kulikuwa na ujumbe fulani pembeni unaosema nafasi ni ndogo. Nikaufunga. Mtu unaondoka na faru kwenye kamera, utasoma ujumbe gani tena?

Tumefika loji, wageni wamekaa mezani. Mpango wa Mama Aika ulikuwa mwepesi: wageni wapate chakula, wakimaliza waione video, kisha gari la Arusha linawachukua. Hakuna baadaye wala kesho. Nikaomba kona ya ukumbi wa chakula, nikaunganisha waya wa TV mapema ili nionekane mtu wa kazi, TV ikiwa ukutani nyuma ya mgongo wangu. Kumbukeni hapo, mgongo wangu.

Nikabonyeza itengeneze video nzima. Ikaenda mpaka katikati, ikasimama. Diski imejaa.

Flashi? Niliiacha nyumbani kwenye redio ya mama, inapiga kwaya. Basi nifute. Nikafungua mafaili, na hapo ndipo nilipowakumbuka nyote, mmoja mmoja, na wala si kwa upendo.

Maana ninyi ndio mmeijaza. "Dada, kadi yangu imejaa, niwekee hizi kwanza." Nani hajaniambia hivyo? Mko humo wote kwa majina. Kubwa kuliko yote ni la Lemayani, chui juu ya mti, chui huyohuyo, kalala, saa nzima, hata mkia hatikisi. Na siwezi kuyagusa. Kwetu Wairaqw, na kwao Wamaasai vilevile, mtu akikuwekea ng'ombe nyumbani kwako utamchunga, utamkamua na maziwa utakunywa. Kumuuza au kumchinja mwenyewe hajui, hapana. Ndivyo nilivyolelewa, na chui wa Lemayani ni ng'ombe wa mtu.

Nikamwona Lemayani kule mezani ananikazia macho, anainua nyusi. Nikajua anamwogopea chui wake.

"Simgusi," nikamwambia.

"Dada, TV," akasema.

"Najua TV. Subiri."

Kilichobaki kufuta kikawa changu. Na changu kikubwa kilikuwa folda moja inaitwa MAZOEZI.

Hapa niwaeleze kitu ambacho sikuwahi kumweleza mtu. Wiki nzima nilikuwa najifunza namna ya kuongea na Mama Aika. Ninajirekodi zizini, kwa sababu nyumbani hakuna mahali pengine pa utulivu. Na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kujibizana naye, nikaigiza wote wawili. Nikiwa mimi, nakaa bila kitu kichwani. Nikiwa Mama Aika, najifunga kilemba cha kanga na kuvaa miwani ya mama. Sauti yake naiweza. Mwendo wake naujua. Na wote mliowahi kupeleka wageni kwake mnajua ile tabia yake ya kupitisha kidole mezani, kisha anakiangalia kidole, kisha anakuangalia wewe.

Nikafuta mazoezi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Ya saba nikabonyeza, laptop kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikabonyeza kwa hasira, kama mara kumi. Ndipo ilipoamka na kufanya yote. Na badala ya kufuta ikafungua.

Sauti yangu ikatokea nyuma yangu, kubwa, kwenye TV.

Nikageuka. Ukuta mzima ni mimi, nina kilemba, nina miwani, nimesimama zizini. Kumbe TV ilikuwa inaonyesha kila ninachokifanya tangu nilipochomeka waya. Wageni wameacha vijiko. Mlango wa jikoni umejaa makofia meupe. Na Mama Aika mwenyewe amesimama katikati ya ukumbi na jagi la juisi.

Yule Mama Aika wa zizini akapitisha kidole mgongoni kwa ndama. Akakiangalia kidole. Akamwangalia ndama.

"Mae!" akashangaa. "Binti, huyu ameogeshwa lini?"

Nikabonyeza kuzima. Laptop imeganda. Video inaendelea, ila kuzimika haizimiki. Hapo, Fundi Eliya, nakukabidhi neno moja: RAM. Nikakimbilia waya wa TV. Mkono ukanishika begani.

"Acha," akasema Mama Aika. "Nimalizie."

Nimesimama pale, jamani. Ndama anapigwa hotuba ya usafi. Mimi wa bila kilemba nabembeleza kazi, mimi wa kilemba nakataa, nakohoa, natengeneza miwani. Jikoni kuna mtu alikuwa analia kwa kicheko ndani ya sufuria, mwangwi wake unasikika. Wageni wakauliza kinachosemwa, na Lemayani, rafiki yangu wa kweli, akawatafsiria neno kwa neno, mpaka kikohozi. Mwisho Mama Aika wa kilemba akamtazama ndama, akasema kwa sauti nzito: "Haya binti. Nimeona bidii yako. Wageni wote wa msimu huu ni wako, na chakula cha mchana utakula hapahapa." Ndama akalia mbuuu. Video ikaisha.



Mama Aika akaweka jagi mezani. Akaja kwangu. Akapitisha kidole juu ya mfuniko wa laptop yangu, uliojaa vumbi la kreta. Akakiangalia kidole. Nadhani hakuwa amekusudia kufanya hivyo, maana aliganda palepale kidole kikiwa hewani.

"Mimi nafanya hivi?" akauliza, akigeukia jikoni.

Mpishi mkuu, mtu mzima, akavua kofia yake. "Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Hata kanisani, mama."

Akaanza kucheka yeye. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha akatafuta kiti. Bibi wa Kiholanzi alikuwa ameshaanza zamani, anajifuta macho na kitambaa cha meza. Mimi ndiye pekee niliyekuwa sicheki. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Alipopata pumzi nikamwambia, "Mama, shikamoo, naomba unisamehe." (Salamu nilishampa asubuhi. Akili haikuwepo.)

"Marahaba tena. Ile ya faru iko wapi?"

Mazoezi sita yaliyofutwa yalikuwa yameachia nafasi ya kutosha. Nikabonyeza, safari hii mara moja tu, nikaondoa mikono. Feni ya laptop ikavuma kama mashine ya kusaga. Wageni wakaletewa chai. Ikafika mwisho. GB 8 zilezile, diski ileile, Fundi Eliya, na video ikatoka safi, haina hata mkwaruzo. Bibi akajiona ukutani akimtazama faru, akashika mkono wa mjukuu wake na hakuuachia mpaka mwisho. Ukumbi mzima ukapiga makofi, hadi jikoni. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa kuandika.

Wageni walipoondoka Mama Aika akaniita.

"Yule mama wa zizini ameshakupa kazi mbele ya watu wote," akasema. "Mimi ni nani nimpinge? Jumatatu njoo. Ila laptop nyingine tafuta, hii inamwaga siri."

"Na chakula cha mchana, mama?"

"Usinizoee."

Lakini nilipokuwa nafunga begi, mpishi alikuja na sahani.

Basi kesho kila mmoja aje Rhotia achukue mali yake, tukianza na chui. Na kucheka mnaweza kucheka, ila mchekee ndani kwa ndani: zizi lipo, kilemba kipo, na kila mmoja wenu najua anavyotembea.