Mita Mia Mbili Juu ya Usawa wa Bahari

Jumatatu, 2 Septemba
Barua ya Chama cha Divai ya Valcerna imewasili. Shamba langu la chini lipo mita 199 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya Uzalishaji inataka zisipungue 200 wala kuzidi 350. Hivyo zabibu zake hazitaitwa Valcerna. Zitauzwa kama divai ya mezani, isiyo na jina. Mavuno yamekaribia. Jirani yangu Fulvio aliegemea ukuta kunipa pole. Akasema: Ermete, mzee wangu, weka ngazi.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeandika ombi. Kurasa nne. Hoja kuu: ilhali divai hutoka katika zabibu na si katika mizizi, kipimo kianzie pale vichala vinaponing'inia. Mke wangu, Nerina, aliuliza vinaning'inia juu kiasi gani. Nilimweleza kwamba hilo ni suala la kiufundi.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimewasilisha ombi kwa mkono. Mhuri wa katibu, Bi Ornella, ulikaa upande. Niliomba mwingine. Akasema: Baba, shukuru umepata huo.

Alhamisi, 12 Septemba
Ombi limekubaliwa! Kanuni imerekebishwa kwa wakulima wote. Fulvio alikiri kwamba kumbe kalamu yangu ina wino. Nilimwitikia kwa kichwa, kwa kiasi.

Jumatatu, 16 Septemba
Mpimaji amefika. Vichala vya shamba la chini vipo sentimita themanini juu ya ardhi. Jumla: 199.8. Halikuingia.

Kisha akapanda hadi shamba la juu, ambalo Nerina alirithi kwa mama yake na ambalo halijawahi kuleta shida. Ardhi: 349.5. Vichala: 350.3. Limetoka. Fulvio, ambaye yupo mita 270, alileta kiti ili atazame vizuri. Nerina hakumtazama mpimaji, alinitazama mimi. Akasema: Mizabibu ya mama yangu, Ermete. Miaka sitini inaitwa Valcerna. Nakuomba, usiandike tena.

Jumanne, 17 Septemba
Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la kamati ya Chama: ilikubali hoja bila kuipambanua. Ombi jipya linataka mashamba ya juu yapimwe kwenye mizizi, na ya chini kwenye ncha ya nguzo zinazoshikilia mizabibu. Haki haina budi kuwa sawa kwa wote. Nerina ameondoka na kalamu zote kwenda kwa dada yake. Penseli inatosha.