Mnara wa Kupoza Prosesa

Jumatatu, 6 Oktoba

Joto. Soko la Zombe limesinzia tangu asubuhi, hata mbuzi wa kuuzwa hawalii. Kompyuta ya studio yangu imezimika tena katikati ya kazi. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, inapanda hadi nyuzi mia moja, halafu giza.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Mwalimu Wayua ameniletea video za marehemu mama yake, Mbithe, akiimba na kwaya ya kanisa. Nizipange, nizisafishe, niziunganishe ziwe video moja ya kuonyeshwa Jumapili kwenye ibada ya kumkumbuka. Wayua alisema sauti ya mama yake haiko mahali pengine popote. Nikamwambia alale bila wasiwasi. Alipoondoka niliendelea kuutazama mlango.

Mbaluka, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, alimwambia Wayua alipokuwa akipita kwamba mashine yake yeye haijawahi kuzimika. Hakuna aliyemuuliza.

Nimeamua. Nitanunua kipoza joto kikubwa cha prosesa. Hii feni iliyokuja na mashine inafaa kupoza uji. Tayari ninaiona studio yangu: ubaridi wa mlimani, Wayua ameingia akiwa na sweta, anauliza upepo huu unatoka wapi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Tariq, anayeuza vifaa vya kompyuta Kitui mjini. Nikataka kikubwa kuliko vyote. Akauliza sanduku la mashine yangu lina upana gani. Nikamjibu, wa kutosha. Akasema basi sawa.

Mchana wote sikufanya kazi. Nilikuwa nafikiria ubaridi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kimefika na gari la mizigo. Si kifaa, ni mnara! Mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za Biblia, mabomba ya shaba yaking'aa, feni mbili. Nilikipakata kama mtoto. Nikakiinua nikachungulia katikati ya mabati. Milima ya Endau ikaonekana kwa vipande vyembamba vya buluu. Chai ikapoa.

Nikafunga. Kwanza nilitoa feni ya zamani. Nikafuta prosesa, nikaipaka ile krimu ya kijivu ya kupitisha joto, bila uchoyo, kama siagi kwenye mkate. Nikasimamisha mnara, nikakaza skrubu. Umekaa vizuri sana. Kasoro moja tu: sanduku halifungiki. Mnara umechomoza nje kama goti. Nimelitupa lile bati la ubavuni nyuma ya mlango, nikafunika pengo kwa kipande cha neti ya mbu. Feni zikizunguka, neti inapepea kama shela ya bibi harusi. Afadhali hivi.

Nikawasha, nikafungua programu ya kupima joto. Nyuzi arobaini na nane! Nikazima haraka kabla haijabadilika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeanza video ya Wayua. Sitini. Themanini. Tisini na saba. Giza.

Nikagusa mnara. Baridi kabisa, kama jiwe la mtoni lililo kivulini. Nikawaza. Kipoza kikiwa baridi hivi, joto litatoka wapi? Jibu ni moja: programu inadanganya.

Nikatafuta programu nyingine. Hii ina namba nyingi, kila mtu anajichagulia. Nimechagua thelathini na nane, imenipendeza. Nikaipiga picha, nikaiweka kwenye stetasi: Studio ya Mutunga, baridi kuliko zote Zombe.

Mbaluka akaandika kuuliza kama hiyo si namba ya joto la diski, wala si ya prosesa. Nikamblock. Akatoka nje, akaniuliza tena kutoka ng'ambo, soko zima likisikia. Kisha akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba kama nimekwama anaweza kunimalizia video ya Mwalimu. Nikamjibu iko karibu kuisha.

Imefika ubeti wa pili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango mpya. Upepo wa hapa unatoka upande wa Endau. Nimeigeuza meza, mashine ikatazama mlimani na mlango wazi. Vumbi limeingia. Upepo bado.

Mashine inazimika palepale kila mara. Mbithe anaimba ubeti wa pili, anafumba macho, anavuta pumzi ya kuingia kwenye kiitikio, na giza linakuja. Sikuwahi kumjua mama huyu. Sasa naijua pumzi yake. Mchana nilisinzia kwenye kiti, nikamwota amesimama nje ya studio na kitabu cha nyimbo, ananingoja kwa subira nifungue mlango. Niliamka nikiwa na haya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wayua amekuja. Akatazama neti, akatazama meza iliyogeuzwa, akauliza kama video iko tayari. Nikaanza kumweleza habari za programu zinazodanganya. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaomba flashi yake yenye zile video, ampelekee Mbaluka.

Nikamwomba asubiri kidogo aone nilivyofanya kazi kwa uangalifu. Nikafungua skrubu, nikang'oa mnara, nikaugeuza ajionee krimu ilivyoenea.

Akainama. Akasoma kwa sauti ya darasani, taratibu.

"Mutunga, hapa chini kuna plastiki. Imeandikwa iondolewe kabla ya kufunga."

Nikasema hiyo ni ya kukinga. Akauliza inakinga nini. Akaibandua kwa kucha, ikatoa sauti ndogo kama ya kuachia busu. Chini yake shaba ilikuwa safi, haijaguswa na kitu. Nikamwambia nilikuwa nimepanga kuitoa leo.

Tukafunga upya, yeye akiwa ameshika tochi. Nikawasha. Hamsini. Sitini. Sitini na nne. Ikabaki hapo. Nikaugusa mnara: umepata uvuguvugu, kama mkono wa mtu.

Mbithe akaimba ubeti wa pili. Akafumba macho, akavuta pumzi. Nami nikaizuia yangu. Akaingia kwenye kiitikio, akaenda nacho mpaka mwisho. Neti ilikuwa inapepea polepole. Wayua alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani.

"Amemaliza wimbo," akasema.

Nilitamani mchana ule usiishe.

Jumapili, 12 Oktoba

Video imeonyeshwa kanisani. Hakuna picha iliyokatika. Watu walilia bila kujificha. Mbaluka naye alifuta macho, akasema ni jasho. Wayua alinishukuru mbele ya waumini. Baada ya hapo sikusikia mengi, nilikuwa nawaza mimi na yeye tukiimba sauti mbili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetafakari sana kilichosaidia. Ni kuigeuza mashine itazame Endau. Upepo unahitaji siku moja kuzoea njia. Ile plastiki ilikuwa nyembamba mno kumsumbua mtu.

Lakini sitini na nne bado ni nyingi. Nimesoma kwamba wakubwa wanapoza prosesa kwa maji yanayozungushwa kwenye mabomba. Nimemwandikia Tariq aniletee mtambo huo, mkubwa kuliko vyote. Akauliza kama nimewahi kufunga wa aina hiyo. Nikamwambia mimi ni mzoefu.

Mchana nimekaa mlangoni nikiyaona yale maji ndani ya mabomba, buluu, yakipita polepole. Wayua akapita na jerikeni mbili tupu. Mabomba ya Zombe yamekauka tangu jana, na kioski cha maji kina foleni mpaka kwa fundi wa baiskeli. Akauliza natabasamia nini.

Nikamwambia nafikiria maji.

Akasema hata yeye, akaendelea na safari.

Nimeona ni dalili njema sana.