Kibali cha Kuumia

Kamati ya Ulinzi na Ustawi wa Watoto Michezoni, ambayo mimi ndiye Katibu wake, ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kuanzia mwaka huu hakuna mtoto atakayeumia katika uwanja wetu bila kufuata utaratibu.

Mafanikio haya hayakuja kwa kulala. Tulikaa vikao kumi na vinne. Vitatu vya mwanzo tulivitumia kutafuta mtoto ni nani, swali gumu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa timu yetu ya watoto wa chini ya miaka kumi na minne ilikuwa na golikipa mwenye ndevu na mke. Hatukutaka kumsumbua kijana wa watu kwa kumdai cheti cha kuzaliwa. Tukaandika basi, katika Kanuni ya Nne, kwamba mtoto ni mtu yeyote aliyevaa jezi ya timu na kusimama ndani ya mistari ya uwanja baada ya filimbi kulia. Umri tukauacha. Umri huleta ubishi.

Kila kitu kilikwenda barabara mpaka alipoingia ofisini mama mmoja, fundi cherehani, akiwa na binti yake wa miaka kumi na miwili. Binti anakimbia mbio, na wenzake humwita Umeme. Siku hiyo aliingia akirukaruka kwa mguu mmoja, kiatu cha pili kakishika mkononi.

"Kifundo kimevimba, mzee," mama akasema. "Kateguka kwenye shimo la uwanjani, kocha akamwambia amalizie mizunguko. Sita! Kaomba maji, kanyimwa. Daktari anataka apumzike wiki tatu, la sivyo mguu utaharibika. Kocha naye anasema akikosa mazoezi matatu anafutwa kwenye timu. Keshakosa mawili. Nataka mwanangu apumzike na nafasi yake ibaki. Basi."

Nilimsifu kwa kufika mahali panapostahili, nikampa fomu.

"Ajaze mtoto mwenyewe, kwa wino mweusi. Hapa chini asaini mtu mzima aliyeshuhudia."

"Pale mtu mzima alikuwa kocha peke yake."

"Huyo huyo anatosha."

Mama alinitazama kama mtu anayeangalia kitambaa kilichokatwa vibaya. "Yaani kocha aandike kwamba kocha kamuumiza mtoto?"

"Mama, Kamati inawaamini makocha wake."

"Na mimi je?"

"Wewe bado hatujakujadili."

Binti alijaza fomu. Niliipokea nikaigonga mhuri namba moja, kwa sababu tangu Kamati iundwe hakuna aliyewahi kulalamika, jambo linaloonesha jinsi watoto wetu wanavyofurahi. Kisha nikaipeleka kwa kocha. Watoto humwita Nondo, naye jina hilo humpendeza.

"Sijaona mtoto aliyeumia," Nondo akasema bila kuishika kalamu. "Nimeona mtoto mvivu. Maumivu, Katibu, ni uvivu unaotoka mwilini. Ukiuzuia njiani unarudi ndani."

Maneno hayo yalitugusa. Kamati ndogo iliundwa kuchunguza kifundo. Ilimhoji kocha kwa saa mbili, ikalipima shimo, ikapiga picha na shimo, ikahitimisha kwamba kifundo kilivimba kwa hiari yake chenyewe. Mwenyekiti alifurahi mno hata akaamua kumtunuku Nondo cheti cha Kocha Rafiki wa Mtoto, hadharani, uwanjani, siku ya Alhamisi saa sita mchana.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mazoezi ya tatu ya Umeme.

Alikuja. Mama yake alimfunga kifundo kwa pande la kitambaa, akambebea chupa ya maji. Binti akajipanga mstarini na wenzake ishirini, uso umekakamaa, mguu mmoja ukigusa ardhi kwa ncha ya vidole tu. Wazazi walijaa pembeni. Wapiga picha watatu nao walikuwepo. Mwenyekiti, mtu mwenye mwili wa kutosha wajumbe wawili, alivaa jezi ya timu juu ya shati na tai ili picha zionekane za kimichezo.

"Mazoezi ya kocha huyu," alihutubu, "ni salama kama kitanda cha mama! Anayeyaogopa haijui michezo!"

"Mheshimiwa," fundi cherehani akapaza sauti, "kama ni salama, si ukimbie nao kidogo? Mwanangu akuone, apate moyo."

Wazazi wakacheka. Mmoja akadakia, "Kimbia, baba, tukuone!" Wapiga picha wakainua kamera. Mwenyekiti alinitazama. Mimi nikatazama ajenda, na ndani yake hapakuwa na pingamizi.

"Mzunguko mmoja tu," akasema, akaingia ndani ya mistari.

Filimbi ikalia.

Mzunguko wa kwanza aliumaliza akipunga mkono. Alipotaka kutoka, Nondo alikuwa amesimama mbele yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemaliza, kocha."

"Wameanza ishirini na wawili, watamaliza ishirini na wawili. Bado tisa."

"Wewe! Mimi ni Mwenyekiti!"

"Kila mtoto hapa ana sababu yake," Nondo akasema. "Kimbia."

Nawaomba wasomaji wamwelewe kocha. Alikuwa ameshika cheti mkononi, wino wake haujakauka, na kanuni zimebandikwa getini. Mtu alikuwa na jezi, alikuwa ndani ya mistari, na filimbi ilikuwa imelia.

Mzunguko wa pili Mwenyekiti alitembea. Wa tatu aliomba maji, akaambiwa maji ni baada ya wa kumi. Wa nne alipitwa na Umeme, aliyekuwa akirukaruka kwa mguu mmoja huku machozi yakimtiririka. Hapo ndipo Mwenyekiti alipolikuta shimo. Alianguka kwa heshima zote, kifundo kikageukia upande usio wake.

"Nimevunjika! Nimevunjika jamani!"

"Uvivu huo unatoka," Nondo akasema. "Inuka."

"Katibu! Fomu!"

Nilikimbia nayo. Aliijaza akiwa amelala kifudifudi, kwa wino mweusi, mwandiko mzuri kwa hali ile. Nikampa kocha asaini kama shahidi. Kocha hakuwa ameona mtoto aliyeumia.

"Kifuteni hicho kipengele cha shahidi!" Mwenyekiti akapiga kelele. Wajumbe wawili, waliotosha kuwa akidi, walinyoosha mikono kutoka kivulini. Kipengele kikafutwa.

"Sasa nisikilizeni!"

"Mheshimiwa," nikasema, "lalamiko lako ni namba mbili. Malalamiko yanasikilizwa kwa kufuatana."

"Namba moja ni nani?"

Fundi cherehani aliingia uwanjani. Alimshika binti yake mkono, akamketisha kwenye nyasi mbele ya pua ya Mwenyekiti, akamfungua kitambaa. Kifundo kilikuwa kimegeuka rangi.

Sijawahi kuona shauri likiamuliwa haraka hivyo. Wiki tatu za kupumzika, nafasi kulindwa, maji wakati wowote, Nondo asimamishwe kuanzia dakika ile. Mwenyekiti alisaini mara nne, mara moja kwenye mkono wangu. Nondo alikunja cheti, akaondoka bila kuaga. Kisha tukasikiliza namba mbili, tukaikubali kwa maneno yale yale.

"Asanteni. Niinueni, niende nyumbani."

Hapo mlinzi wa geti, ambaye husoma kanuni kwa kukosa gazeti, akakohoa. "Samahani, mkubwa. Kanuni ya Tisa. Mtoto aliyeumia hatoki uwanjani mpaka mzazi afike mwenyewe asaini. Simu haikubaliki."

"Ifuteni na hiyo!"

Lakini wajumbe wawili walikuwa wameshaona nimeshika mkononi jezi za kuwavisha kwa ajili ya picha. Walikuwa ndani ya gari, vioo wamepandisha. Akidi haikutimia.

Ikabidi aitwe mama yake Mwenyekiti. Alifika taratibu, bibi mwembamba mwenye miwani minene, akawapita wapiga picha kana kwamba ni miti. Nikampa kalamu na kumwonesha pa kusaini. Yeye akataka kwanza kusoma karatasi zote, ya pili na ya kwanza. Alisoma huku midomo ikicheza. Mwanawe akamwita mara mbili kutoka kwenye nyasi, "Mama! Mama, jua kali!"

Bibi akamtazama Umeme, aliyekuwa akinywa maji yake taratibu.

"Huyu binti aliisubiri hii kamati siku ngapi?"

"Tisa, mama," nikajibu.

"Na huyu wangu?"

Nilitazama saa. "Dakika arobaini, ukijumlisha na kukimbia."

Bibi akafunga kalamu, akaenda kukaa kivulini kando ya fundi cherehani, akavua viatu.

"Basi," akasema, "mimi bado sijafika."