Miaka ya Ahazia, na Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025, Garsen

Joto la kuua. Kanisani feni ni moja tu, iko juu ya benchi la wazee wa kanisa. Nafasi moja iko wazi, Jumapili wanachagua. Tunaitaka wawili: mimi na Martin, mwalimu wa funzo la Biblia. Leo kanisalimia vizuri mno. Kwa nini? Ana jambo huyu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemnasa! Kwenye funzo tumesoma Mambo ya Nyakati: Ahazia alitawazwa ana miaka arobaini na miwili. Baba yake alikufa akiwa na arobaini. Mtoto kampita baba! Ukienda Wafalme, ishirini na miwili. Martin, bila haya, kasema huenda mnakili wa zamani alikosea hesabu, na neno la Mungu halipungukiwi kitu. Mnakili! Nikasimama nikasema Biblia haina kosa hata la nukta, kwa hiyo Ahazia alimzidi baba yake, basi. Watu wakaguna. Nadhani niliwagusa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemshtaki kwa mchungaji. Kanijibu taratibu kwamba sisi Waprotestanti hapo hatujakubaliana: wapo wasemao Biblia haina kosa lolote, wapo wasemao haikosei katika habari za wokovu, na wote ni ndugu. Hata yeye! Juzi alikunywa chai kwa Martin, nilimwona. Nikaomba jambo moja tu: Jumapili kila mgombea atamke kwamba maandishi hayakosei. Kakubali haraka. Kwa nini haraka? Kisha kaniambia nije na kitambulisho, kwa sababu mzee wa kanisa hatakiwi kupita miaka sabini. Mimi nina hamsini na tatu. Waje tu.

Jumapili, 10 Agosti

Jamani. Tulianza kwa kutamka, mimi kwamba maandishi hayakosei hata nukta, Martin kwamba hayakosei katika habari za wokovu, kisha vikaja vitambulisho. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa 1952. Karani aliyeniandikisha alijiandikia tu, nami sikuwahi kujali. Wakaomba na cha mama yangu, Kadii: kinasema 1954. Kanisa zima likacheka. Mchungaji akasema kwa karatasi hii nimepita umri.

Hapo Martin akasimama. Kunitetea! Eti karani alikosea, mtu ni yuleyule, nisizuiwe. Mama naye akajikongoja mpaka mbele.

"Huyu nilimzaa mimi, kule Wenje, shambani, mvua ikinyesha," akasema. "Karatasi imekosea. Mimi sikukosea."

Wote wakanigeukia. Nikubali tu kwamba karani alikosea, benchi ni langu. Feni inazunguka pale juu, naiona. Ndipo nikang'amua mtego! Martin anataka nikiri kwa kinywa changu kwamba maandishi hukosea. Thubutu!

"Kitambulisho changu hakina kosa," nikasema.

Mama akarudi kukaa, hakunitazama tena. Hilo liliniuma, sifichi. Martin kachaguliwa. Alipokaa chini ya feni alifuta macho. Machozi ya nini, kama si ya ujanja?

Jumatatu, 11 Agosti

Mama kapika uji, kakaa nao jikoni. Mimi niko barazani tangu asubuhi na njaa yangu. Kuingia kwanza siwezi. Maandishi yako wazi: yeye ndiye mdogo. Nangoja aje aniamkie shikamoo.

Uji unapoa. Martin kamwambia kitu, najua.